Programu ya kutengenezea tovuti inapositishwa: Uchague nini badala yake?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

TUCHUKUE mfano wa shule moja ya bweni katika kata ya Mazwi, mjini Sumbawanga. Mwaka 2004, kijana aliyerejea kutoka masomoni Dar es Salaam aliitengenezea shule hiyo tovuti kwa kutumia programu ya Microsoft FrontPage. Tovuti ilikuwa na picha za majengo, orodha ya ada, matokeo ya mitihani, na fomu ambayo mzazi aliye Mpanda, Namanyere au Tunduma angeweza kuijaza ili kumwombea mwanawe nafasi.

Baadaye kijana yule alihama. Tovuti ilibaki, na kwa kuwa ilikuwa ikifunguka, hakuna aliyeona haja ya kuigusa. Kisha kampuni iliyokuwa ikiihifadhi ikabadilisha seva zake. Kurasa ziliendelea kuonekana kama kawaida, lakini fomu ilikoma kufanya kazi. Mzazi huijaza, hubonyeza kitufe cha kutuma, na maombi yake hayamfikii mtu yeyote.

Shule hiyo ni ya kubuni, lakini kasoro hiyo ni ya kweli. Ndivyo zinavyoharibika tovuti nyingi zilizotengenezwa kwa programu ambazo watengenezaji wake waliziacha: haziporomoki kwa kishindo, bali huoza taratibu huku mwenyewe akidhani kuwa mambo ni shwari.

Makala haya yanaeleza kilichoipata FrontPage na wenzake, na namna ambavyo mwenye shule, duka, nyumba ya wageni, chama cha ushirika au parokia anavyoweza kuchagua programu nyingine pasipo kurudi katika shimo lile lile.

Kilichotokea kwa FrontPage

FrontPage haikubuniwa na Microsoft. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Vermeer Technologies, ambayo Microsoft iliinunua Januari 1996 kwa bei iliyotajwa kuwa takriban dola za Marekani milioni 130. Hadi leo, anayefungua tovuti ya zamani iliyotengenezwa kwa programu hiyo hukuta folda zenye majina yanayoanza na herufi "_vti_". Herufi hizo ni kifupi cha jina la kampuni iliyoizaa.

Sababu ya kupendwa kwake ni rahisi kueleweka. Kurasa za tovuti huandikwa kwa lugha ya alama iitwayo HTML, ambayo watu wengi hawakuwa wakiijua. FrontPage ilimwonyesha mtumiaji ukurasa kama ambavyo ungeonekana kwa msomaji, naye akaandika na kupanga picha kama anayeandika barua katika programu ya Word. Alama za HTML ziliandikwa na programu yenyewe, nyuma ya pazia.

Kwa mtu wa Sumbawanga wa miaka ile, programu hiyo ilikuwa na faida nyingine. Mtumiaji aliweza kuandaa kurasa zote ndani ya kompyuta yake bila intaneti, kisha akaenda kulipia dakika chache za mtandao ili kuzipandisha. Ikumbukwe kuwa nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Tanzania baadaye: ule wa Seacom mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010. Aidha, kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitumia umeme ulioletwa kutoka Zambia, ukiwa nje ya Gridi ya Taifa.

Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na gharama iliyofichika. Baadhi ya vitu ambavyo FrontPage iliviweka katika ukurasa, kama vile fomu, kihesabio cha wageni na kisanduku cha kutafutia, havikuwa HTML ya kawaida. Vilihitaji programu maalumu za nyongeza ziwepo katika seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuisambaza kwa wasomaji. Seva isiyokuwa na nyongeza hizo iliweza kuonyesha ukurasa, lakini haikuweza kupokea fomu.

Toleo la mwisho lilikuwa FrontPage 2003. Mwaka 2006 Microsoft iliachana nayo, na nafasi yake ikachukuliwa na programu mbili, Expression Web na SharePoint Designer. Taratibu kampuni za kuhifadhi tovuti ziliziondoa nyongeza za FrontPage katika seva zao, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kuzirekebisha zinapopatikana na dosari za usalama. Hapo ndipo fomu zilipoanza kunyamaza.

Mrithi naye hakudumu. Desemba 2012 Microsoft ilitangaza kuwa haitatoa tena matoleo mapya ya Expression Web, ikaliacha toleo la nne lipatikane bure. Hivyo mtu aliyefuata ushauri wa mtengenezaji mwenyewe, akahama kutoka FrontPage kwenda Expression Web, alijikuta yatima kwa mara ya pili katika muda wa miaka sita.

Si Microsoft peke yake

Ni vyema ieleweke kwamba mkasa huu si wa kampuni moja. Adobe iliinunua Macromedia, mtengenezaji wa Dreamweaver, mwaka 2005. Kwa kuwa tayari ilikuwa na programu yake ya aina hiyo, GoLive, ilijikuta na mbili zinazofanya kazi moja, na mwaka 2008 ikaisitisha GoLive. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Adobe Muse mwaka 2012, ikilenga watu wasiotaka kuandika alama za HTML. Machi 2018 ilitangaza mwisho wake, na huduma kwa watumiaji ikakoma Machi 2020.

Apple nayo ilikuwa na iWeb, iliyofungamana na huduma yake ya MobileMe. Huduma hiyo ilifungwa Juni 30, 2012, na kila aliyeweka tovuti humo alilazimika kutafuta makao mapya.

Huduma za bure nazo hazikusalimika. GeoCities, iliyowapa mamilioni ya watu nafasi ya kuweka kurasa zao za kwanza, ilifungwa na Yahoo Oktoba 2009. Machi 2024 Google ilizifunga tovuti ndogo ambazo wafanyabiashara walikuwa wakijitengenezea bure kupitia wasifu wa biashara zao katika ramani zake. Kwa miezi michache aliyeifungua anwani ya zamani alipelekwa kwenye wasifu wa biashara hiyo, na baada ya Juni 10 mwaka huo anwani hizo hazikufunguka tena. Mwenye duka aliyekuwa ameichapa anwani hiyo kwenye kadi na mabango alibaki na kadi zisizompeleka mteja popote.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si iwapo programu unayoichagua leo itasitishwa. Historia inaonyesha kwamba nyingi husitishwa. Swali ni hili: siku itakaposita, utabaki na nini mkononi?

Tanuri na jembe

Wenyeji wa Ufipa wana mfano mzuri katika historia yao. Wahunzi wa Kifipa walikuwa wakijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, na humo waliyeyusha mawe ya chuma. Ufundi huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea. Lakini jembe lililokwisha kutoka tanurini halikulitegemea tena tanuri. Liliendelea kulima hata baada ya tanuri kubomoka.

Programu ya kutengenezea tovuti ni tanuri, na tovuti ni jembe. Ukurasa ulioandikwa kwa HTML ya kawaida mwaka 1998 bado unafunguka leo katika kivinjari chochote, kwa sababu HTML ni kanuni ya wazi isiyomilikiwa na kampuni moja. Fomu ya FrontPage ilikuwa jembe lililofungwa mnyororo kwenye tanuri lake. Tanuri lilipozimwa, nalo likaacha kulima.

Huu ndio ushauri mkuu wa makala haya: kabla ya kuuliza programu inaweza kutengeneza nini, uliza ni kwa njia gani kazi yako itatoka humo siku utakapotaka kuondoka.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Swali la kwanza ndilo hilo la kutoka. Je, unaweza kuchukua kurasa zako zote, maandishi na picha, ukazipeleka kwa kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti na zikafunguka? Jibu likiwa hapana, ujue wewe ni mpangaji, hata kama umeambiwa kuwa tovuti ni mali yako.

Swali la pili ni nani atakayeihariri. Tovuti nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha tangazo la mwaka jana. Ikiwa kazi hiyo itafanywa na karani wa ofisi anayejua kuandika barua tu, programu inayodai ujuzi wa HTML haimfai. Ikiwa itafanywa na mwalimu wa kompyuta, basi uwanja wa kuchagua ni mpana zaidi.

Swali la tatu linahusu hali halisi ya mahali ulipo. Je, unaweza kufanya kazi bila intaneti kisha ukapandisha mabadiliko baadaye, au kila neno unaloandika linahitaji mtandao? Penye umeme wa kukatika na vifurushi vya data vinavyokwisha haraka, jambo hili lina uzito kuliko wingi wa madoido.

Swali la nne ni nani atakayeilinda. Mfumo unaoendeshwa ndani ya seva huhitaji kusasishwa mara kwa mara, kama gari linavyobadilishiwa mafuta ya injini. Usiposasishwa, wahalifu wa mtandaoni huingia kupitia dosari zinazofahamika na kuijaza tovuti matangazo ya kamari au dawa bandia. Kurasa za HTML tupu hazina hatari kubwa ya namna hiyo, kwa kuwa hazina injini ya kuvamiwa.

Swali la tano ni gharama ya miaka mitatu, si ya mwezi wa kwanza. Jumlisha ada ya jina la tovuti, ada ya kuihifadhi, ada ya programu kama ipo, data na malipo ya fundi. Kisha uliza utalipa kwa njia ipi. Huduma inayopokea kadi ya benki ya kimataifa pekee inaweza kukatika siku ambayo mwenye kadi hayupo.

Makundi manne ya programu

Kwa kuyatumia maswali hayo, programu zilizopo zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni vihariri vinavyokaa katika kompyuta yako, ambavyo ndivyo ndugu halisi wa FrontPage. Dreamweaver, iliyozaliwa mwaka 1997, ndiyo mashuhuri zaidi, lakini tangu mwaka 2013 Adobe iliamua kuwa matoleo mapya ya programu zake za usanifu yapatikane kwa ada ya usajili, si kwa kununua mara moja. Expression Web 4 ni ya bure, ila ni programu iliyokwisha kuachwa. Katika programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzibadilisha, kifurushi cha SeaMonkey bado kina kihariri kinachomwonyesha mtumiaji ukurasa wake anapouandika. Anayejua HTML anaweza kutumia Notepad++ au Visual Studio Code bila kulipa chochote.

Ubora wa kundi hili ni kwamba faili ziko kwako na unaweza kuzishughulikia bila intaneti. Udhaifu wake ni kwamba mabadiliko hufanyika katika kompyuta moja. Ikiibwa au kuharibika bila nakala, kazi ya miaka imepotea.

Kundi la pili ni mifumo ya kusimamia maudhui, inayokaa katika seva na kuhaririwa kwa kivinjari. Humo mna WordPress, Joomla na Drupal, zote zikiwa programu huria. Kwa mujibu wa takwimu za W3Techs, WordPress pekee inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Maana yake kwa mtu wa Sumbawanga ni kuwa fundi akiondoka, kumpata mwingine anayeijua si kazi ngumu.

Msomaji wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba Joomla ni jina lililotokana na neno letu la "jumla". Lilichaguliwa mwaka 2005, pale watengenezaji wa mfumo uitwao Mambo walipotofautiana na kampuni iliyokuwa ikilimiliki jina hilo. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, waliichukua wakaondoka nayo na kuiendeleza kwa jina jipya. WordPress nayo ilizaliwa mwaka 2003 kwa njia ya namna hiyo, baada ya programu ya b2 kuachwa na mwanzilishi wake.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya programu huria na ile inayomilikiwa na kampuni moja. Programu huria nayo inaweza kuachwa, lakini yeyote mwenye uwezo anaruhusiwa kuiokota. FrontPage haikuweza kuokotwa na mtu.

Hata hivyo, mifumo hii haitaki mwenye tovuti alale. Matoleo yake ya zamani nayo hufikia mwisho: Joomla 3 ilikoma kuhudumiwa Agosti 2023, na Drupal 7 Januari 2025. Anayebaki na matoleo hayo yuko karibu sana na hali ya yule aliyebaki na FrontPage.

Kundi la tatu ni huduma za kujenga tovuti mtandaoni, kama vile Wix na Google Sites. Hazihitaji kufunga programu yoyote, na mtu anaweza kuwa na ukurasa wa kupendeza kwa siku moja. Usalama na masasisho hushughulikiwa na kampuni. Lakini tovuti iliyojengwa ndani ya Wix haiwezi kuhamishiwa kampuni nyingine ikiwa nzima. Anayeondoka huanza upya. Kila kazi pia huhitaji intaneti.

Kundi la nne halijulikani sana, nalo linastahili kuangaliwa. Ni programu zinazochukua maandishi yako na kuzalisha kurasa kamili za HTML tupu, ambazo huzipandisha katika seva yoyote. Jekyll na Hugo zinapendwa na mafundi. Kwa asiye fundi ipo Publii, programu huria inayofungwa katika kompyuta, yenye sehemu ya kuandikia inayofanana na ile ya WordPress, na inayofanya kazi bila intaneti hadi wakati wa kupandisha. Kwa tabia zake, ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho FrontPage ilikuwa kwa mtumiaji wa mikoani, isipokuwa haimfungi katika nyongeza za seva. Upungufu wake ni kuwa fomu huhitaji huduma ya pembeni.

Nani achague nini?

Serikali yenyewe ilikwisha kukabiliana na swali hili. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 ya Tanzania Bara na halmashauri 185, zikiwa na muundo mmoja chini ya Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iligeuzwa kuwa Mamlaka. Faida ya mpango wa namna hiyo ni kwamba ofisa habari wa halmashauri huandika habari tu, na matengenezo ya mfumo hufanywa mahali pamoja kwa niaba ya wote.

Shule binafsi, duka au chama hakina mamlaka ya kukifanyia kazi hiyo. Kinapaswa kujichagulia kulingana na nguvu zake.

Nyumba ya wageni au duka lenye kurasa nne au tano zisizobadilika mara kwa mara halihitaji mfumo mzito. HTML tupu, iwe imeandikwa kwa mkono au imezalishwa na Publii, inatosha na itadumu. Shule inayotoa matangazo kila wiki, na yenye watumishi zaidi ya mmoja wa kuandika, itanufaika na WordPress, mradi kuwe na mtu aliyekabidhiwa rasmi kazi ya kusasisha, au kampuni ya kuhifadhi inayofanya hivyo kwa mkataba. Shirika kubwa lenye fundi wake linaweza kufikiria Joomla au Drupal. Anayetaka ukurasa mmoja wa anwani na namba ya simu anaweza kutumia huduma ya mtandaoni, akijua kuwa ni nyumba ya kupanga.

Hali kadhalika, wapo wanaouliza kama kurasa za Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp hazitoshi. Zinafaa sana kuwafikia watu, lakini sheria ya mpangaji inazihusu pia. Zitumie kumleta mteja, na kile usichotaka kipotee kiweke mahali unapopamiliki.

Jinsi ya kuhama

Kuhama kutoka tovuti ya FrontPage, au nyingine ya zamani, ni kazi ya hatua chache.

Kwanza, chukua nakala ya faili zote kutoka katika seva kabla ya kubadilisha chochote. Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, na kimoja kisikae jengo moja na kompyuta ya ofisi.

Pili, pitia kila ukurasa na kuandika orodha: upi ubaki, upi uondolewe, upi uandikwe upya. Hapa watu wengi hugundua kuwa nusu ya tovuti yao haina kazi tena.

Tatu, tafuta vitu vilivyoitegemea programu ya zamani. Katika tovuti za FrontPage, angalia fomu, vihesabio, visanduku vya kutafutia, na vitufe vinavyobadilika rangi vilivyotumia Java, ambayo vivinjari vya leo haviikubali. Vitu hivyo havihamishiki. Lazima vitengenezwe upya. Folda za "_vti_" hazina faida tena katika seva mpya.

Nne, hamisha maandishi yakiwa matupu, bila mapambo ya zamani. Kunakili ukurasa mzima na kuubandika katika programu mpya hubeba alama nyingi zisizotakiwa. Pitisha maandishi kwanza katika Notepad, kisha uyapange upya.

Tano, jaribu kila ukurasa kwa simu. Kurasa za miaka ya 2000 zilipangwa kwa majedwali yenye upana usiobadilika, kwa ajili ya vioo vya kompyuta za wakati ule. Katika simu maandishi yake huwa madogo yasiyosomeka, ilhali wasomaji wengi siku hizi hutumia simu.

Sita, tunza anwani za kurasa za zamani. Ikiwa ukurasa wa ada umekuwa ukiitwa "ada.htm" kwa miaka 15, hakikisha anayeifungua anwani hiyo anapelekwa kwenye ukurasa mpya.

Saba, weka cheti cha usalama, ili anwani ianze na "https". Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya mtumiaji kuwa tovuti isiyo na cheti si salama. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vinapatikana kwa kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti.

Anayekusanya taarifa za watu kwa fomu azingatie pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Majina ya watoto na namba za simu za wazazi ni taarifa zinazolindwa. Ni lazima mwenye shule ajue zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuzisoma, jambo ambalo linapaswa kuwa sehemu ya uchaguzi wake wa programu.

Jina ni mali kuliko programu

Kuna jambo moja ambalo hupuuzwa, nalo lina uzito kuliko programu yoyote. Ni jina la tovuti, lile linaloishia kwa ".co.tz" kwa biashara, ".or.tz" kwa mashirika au ".sc.tz" kwa shule. Mwenye jina anaweza kubadilisha programu na kampuni ya kuhifadhi mara kumi bila msomaji kujua. Asiye na jina hupoteza anwani kila anapohama.

Mara nyingi fundi huombwa "atengeneze kila kitu", naye hulisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Hana nia mbaya, lakini akihama au akifariki dunia, shule haiwezi kulipia jina wala kulihamisha. Kwa hiyo, jina lisajiliwe kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya ofisi, na tarehe ya kulipia ijulikane kwa zaidi ya mtu mmoja. Nywila ziandikwe na kufungiwa pale zinapokaa hati za kiwanja.

Aliye na vitu vitatu, yaani jina lake, nakala ya faili zake na funguo za seva yake, hatatishwa na tangazo la kampuni yoyote kwamba programu fulani imefikia mwisho. Kuhama kutamgharimu siku kadhaa za kazi, lakini hakutamgharimu tovuti.

Kwa kuanzia, si lazima kununua chochote. Mwenye tovuti aifungue leo kwa simu yake, ajaze fomu yake mwenyewe kama vile yeye ni mzazi aliyeko Namanyere, abonyeze kitufe cha kutuma, kisha asubiri aone kama ujumbe utamfikia.